Marahaba ya Sultani Kiboko

— Nije nisije?
— Njoo!
— Nije na uongo?
— Utie chumvi!
— Nije na kweli?
— Ifiche uvunguni!

Haya, nimekuja. Sogeeni, lakini msinibane, mgongo wangu huu si ukuta wa kuegemea. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna taratibu, hizo kru-kru-kru zako zitameza maneno yangu.

Hapo kale, kale hasa, Kiboko hakuwa mtu wa majini. Alikaa nchi kavu, kwenye ukingo wa mto, katika nyumba yenye baraza pana lililopakwa chokaa, na alikuwa Sultani. Sultani Kiboko! Akitoka ndani, tumbo lilifika barazani kwanza, mwenyewe akafuata. Vitu viwili tu alivipenda duniani: matikiti maji na shikamoo.

Matikiti aliyala mazima, maganda na kokwa. Na shikamoo je? Wacha! Kila aliyepita mbele ya baraza lake sharti amwamkie. "Shikamoo, Maulana!" Naye hufumba macho, huvuta pumzi, hupanua lile domo lake, husema: "Ma-ra-ha-baaa!" Nyasi za ukingoni zikainama. Ukienda kuchota maji, umwamkie. Ukirudi na maji, umwamkie. Ukisahau kata mtoni ukarudi kuifuata, umwamkie tena. Alizoea mno, hata ile marahaba ikawa inatoka yenyewe. Awe amesinzia, awe amekabwa na tikiti, awe anagombana na mkewe, akisikia shikamoo tu, mdomo huo!

Matikiti yalitoka ng'ambo. Huko walikaa Mamba, wenye mashamba mapana na mikono mifupi. Kulima hawataki, kupalilia hawataki, kuchuma hawataki. Wakataka watu wa kuwafanyia kazi bure. Basi Kiboko akawauzia watu. Waziri wake, Fisi, alizunguka vichakani na kamba yake, anakamata huyu, anakamata yule, anawaswaga mpaka kwenye zizi la miiba nyuma ya nyumba ya Sultani. Mamba wakija na mashua yao, wanashusha matikiti, wanapakia watu. Waliopakiwa hawakuonekana tena.

Na ndani ya zizi kulikuwa na amri moja: marufuku kusalimia. Mtu akijisahau akasema "Hamjambo humu," Fisi alimchapa na ile kamba, chwa!

"Nyamaza! Bidhaa haisalimu. Umewahi kusikia gunia likipiga hodi?" Kisha anacheka peke yake, "Hii-hii-hii!"

Sasa, kila mwaka, baridi ikizidi kwao, Balozi Korongo alikuja kutoka nchi za mbali. Mrefu, mweupe, miguu myekundu, na chini ya bawa amebana mkataba. Hakuja peke yake. Kundi zima la makorongo lilitua juu ya migunga, midomo yote imeelekezwa barazani. Hawakumdonoa mtu. Walikaa tu ili waonekane.

"Mfalme wangu," alianza Balozi, "amehuzunishwa mno na biashara hii."

"Mfalme wako?" Kiboko akashangaa. "Si alikuwa mteja wangu? Babu yako wewe mwenyewe si nimemuuzia mimi, kwa mguu wangu huu?"

Balozi akakohoa, koh-koh. "Ni kweli. Alinunua, akashiba, akaacha. Alipokwisha kuacha ndipo akahuzunika."

Mwaka wa kwanza wakakubaliana asiuzwe mnyama mwenye mkia. Kiboko akaukanyaga mkataba kwa mguu wenye tope, pwata! Hiyo ndiyo sahihi yake. Makorongo yote yakampigia mizinga ya heshima kwa midomo, ka-ka-ka-ka! Kiboko akavimba, fuu! Balozi akaruka, akaenda zake. Na Fisi? Akacheka hii-hii-hii, akawakunja mikia wenye mikia, akawauza vilevile.

Mwaka wa pili wakakubaliana asivushwe mtu kwenye kivuko kikuu. Pwata! Ka-ka-ka-ka! Fuu! Hii-hii-hii! Wakavushwa kwenye kivuko cha juu, penye mawe na maji ya kasi, na wengine hawakufika. Hapo sicheki mimi, na nyie msicheke.

Mwaka wa tatu Fisi akachoka kukunja mikia. Akaanza kuwatafuta na waliozaliwa bila mkia. Ndipo alipowakumbuka Pimbi.

Mnamjua Pimbi? Kajitu kadogo, kanene, hakana mkia wa kuonekana, kanakaa kwenye majabali. Juu ya jabali moja alikaa Bi Mize na mumewe, Makame. Mize alikuwa mwepesi, mkali wa macho, hana dogo. Makame alikuwa mtu wa jua. Asubuhi anaota jua upande huu, mchana anageuka anaota upande wa pili, jioni anauliza uji uko wapi. Mize alimwita gogo, akamwita jiwe lenye manyoya, akamwita mzigo wa maisha, na usiombe mtu mwingine amwite hivyo.

Siku hiyo Mize alikwenda kuchuma majani. Fisi akapanda jabali, nyata, nyata, nyata. Akamkuta Makame kalala chali. Akambeba hivyo hivyo, usingizini, na Makame akakoroma njia nzima. Alipofumbua macho yumo ndani ya zizi, miiba pande zote.

"Mize," akaita, "uji tayari?"

Chwa! Akapigwa kamba. Hapo ndipo alipojua hayupo nyumbani.

Mize aliporudi, akaona jabali tupu na nyayo za Fisi, alikaa kitako akalia. Alilia kweli, mpaka kamasi. Kisha akajipangusa, akajifunga kanga kibwebwe, akateremka kwenda kwa Sultani. Habari zilizovuma njiani zilikuwa kwamba mashua ya Mamba itafika kesho kutwa alasiri. Alikuwa na siku mbili na nusu za kumtoa mumewe, basi.

Akapita kwanza nyuma ya zizi. Akachungulia penye mwanya wa miiba. Walijaa humo: Paa na binti yake, Chura, Nungu, Tumbili na wengine wengi. Hata Sungura alikuwemo. Ndiyo, Sungura huyo huyo mjanja wa hadithi zote, amekaa pembeni kanywea, ujanja umemwishia. Msinitazame hivyo, na yeye ana siku zake.

"Makame! Wee Makame!"

"Mke wangu! Umeleta uji?"

"Uji! Unauzwa wewe, unawaza uji?"

"Ninauzwa nikiwa na njaa, ndiyo maana nauliza." Kisha sauti ikamtetemeka. "Mize, wanasema ng'ambo hakuna hata jiwe la kuotea jua. Ni tope tupu."

Moyo wa Mize ukamuuma. Aliogopa kulia tena. Akazunguka mbele, akaingia barazani, akaketi kwenye kipembe karibu na mlango. Hakuna aliyemfukuza, kwa sababu hakuna aliyemwona. Nani humwona pimbi penye kiboko?

Barazani mambo yalikuwa yamekwama kwenye neno moja. Safari hii Balozi alitaka neno "kabisa."

"Biashara ya watu ikome kabisa," alisema Balozi.

"Ikome, sawa," alisema Kiboko. "Kabisa ya nini?"

"Kabisa."

"Basi ikome kidogo."

"Kabisa."

"Ikome mpaka matikiti yaive."

"Kabisa!"

"Neno hilo linanikwaruza koo," akasema Kiboko, na kikao kikaahirishwa ili Sultani apate kula.

Siku ya pili Fisi akataka kujua Sultani atapewa nini akiacha. Balozi akasema mfalme wake yuko tayari kumletea saa kubwa ya ukutani.

"Inaliwa?" aliuliza Kiboko.

"Hailiwi. Inalia kila saa, ngo, ngo, ngo."

"Mimi ninaye mke," akasema Kiboko, na kikao kikaahirishwa.

Siku zote mbili Mize alikaa palepale, anasikiliza. Alichoona ni kitu kimoja. Wapita njia walipoamkia, hata maneno yawe moto kiasi gani, Sultani alikatiza. "Nasema sikubali — marahabaaa! — sikubali hata kidogo!" Balozi anangoja, Waziri anangoja, mfalme wa ng'ambo ya bahari na huzuni yake anangoja, Sultani anaitikia. Mize akalala nalo neno hilo, akaamka nalo.

Siku ya tatu, mchana, Kiboko akapandwa na hasira. Akapiga sakafu ya baraza, tii!

"Balozi, unanichafulia jina! Mimi siuzi watu! Mimi nauza bidhaa!"

Mize akasimama.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahabaaa!" Hasira zikashuka. "Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Niko huku chini, Maulana. Naomba niseme neno dogo, la kimo changu."

"Sema."

"Maulana hauzi watu, anauza bidhaa. Sisi wenyeji tunalijua hilo. Lakini huyu Balozi ni mgeni, maskini, hajui mila zetu. Akiona miguu minne na macho mawili, yeye husema mtu. Si afadhali aandikiwe, ajue mtu ni yupi na bidhaa ni ipi? Akishajua, atawaacha mpumzike."

Balozi akainua shingo. Kiboko akamtazama Fisi. Na Fisi, ambaye siku tatu hakupata nafasi ya kuonyesha akili zake, akaruka.

"Rahisi! Rahisi kabisa! Bidhaa haisalimu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sheria hiyo. Mtu humwamkia Sultani, na Sultani akamwitikia. Kisichoamkia, kisichoitikiwa, hicho ni bidhaa. Hii-hii-hii!"

"Umesema, Waziri!" Kiboko akafurahi. "Hapo umesema! Balozi, andika!"

Balozi akachomoa unyoya wake mmoja, akauchovya, akaandika, anasoma kwa sauti: "Mtu asiuzwe kabisa. Mtu ni yule aliyemwamkia Sultani, naye Sultani akamwitikia. Bidhaa iuzwe."

"Kabisa tena?" alinung'unika Kiboko.

"Kabisa hiyo inawahusu watu, Maulana," alisema Mize kwa upole, "na wewe huuzi watu."

"Ah! Kweli. Basi mwachieni kabisa yake."

Pwata! Ka-ka-ka-ka! Fuu! Fisi alicheka mpaka akakaa chini. Balozi naye alikuwa na furaha, maana neno lake limepata pa kukaa, na kwa furaha hiyo akasema hataondoka leo. Atabaki alasiri aone mkataba ukifanya kazi.

Mize hakungoja. Alitoka mbio, tipu-tipu-tipu, mpaka nyuma ya zizi.

"Nisikilizeni nyote! Mashua inakuja. Mtatolewa mpangwe mstari, na Sultani atapita kuwachagua, nani wa tikiti kubwa, nani wa tikiti dogo. Akifika mbele yako, mwamkie. Sema shikamoo, kwa sauti. Basi."

Sungura akatikisa masikio. "Dada, hiyo ndiyo akili yako? Nimwamkie mwizi wangu?"

"Una nyingine wewe?"

Sungura akalaza masikio.

"Tutachapwa," alisema Paa.

"Mtachapwa mara moja. Ng'ambo mtachapwa kila siku. Sema shikamoo, mwanangu, na umfundishe binti yako."

Wote wakaitika kwa kichwa. Wote, isipokuwa mmoja.

"Mimi simwamkii," alisema Makame.

"Nini?"

"Simwamkii. Yule ni mdogo kwangu. Mimi nimemwona akinyonya, Mize! Nimemwona akianguka kwenye tope akimlilia mama yake. Leo nimwambie shikamoo? Aniamkie yeye!"

"Makame, nitakuua kwa mikono yangu kabla Mamba hawajakununua."

"Niue, lakini simwamkii. Mimi nilizaliwa mtu kabla yake. Sihitaji anifanye mtu yeye."

Mize akafungua mdomo amtukane, akakosa tusi. Alichosema mumewe kilikuwa kweli, na ile kweli ingempeleka ng'ambo. "Nakuomba, mume wangu," akasema tu. Fisi akaja na kamba, ikabidi akimbie.

Alasiri mashua ikafika, chubwi, chubwi. Nahodha Mamba akashuka, akashusha matikiti, akayapanga ufukweni, ya kijani, yanang'aa. Mate yakamtoka Kiboko. Watu wa kijijini wakakusanyika. Balozi akasimama kwa mguu mmoja, mkataba mkononi, makorongo yake migungani. Mateka wakatolewa, wakapangwa mstari. Mkiani mwa mstari alikuwa Makame, kakunja uso.

Kiboko akafika mbele ya Paa.

"Shi... shi... shikamoo, Maulana!"

"Marahabaaa!" alisema Kiboko.

Fisi akaganda, kamba juu.

"Mtu," alisema Balozi, akaandika.

"Mtu gani?" Fisi alipiga kelele. "Huyo ni bidhaa! Nahodha, mpakie!"

Nahodha Mamba akatazama juu, akaona midomo yote ile mirefu migungani. "Nimpakie nani? Mimi nina mayai mchangani ng'ambo, hayana mlinzi. Wale pale wanajua kuchakura. Mtu aliyeandikwa simgusi."

"Shikamoo, Maulana!" Binti yake Paa, kwa sauti nyembamba.

"Marahabaaa!"

"Mtu," alisema Balozi.

"Maulana, nyamaza!" Fisi akamshika mguu. "Unawaachia! Usiitikie!"

Kiboko akaelewa. Akabana midomo, akasogea kwa Chura. Chura akajaza koo, "Shikamoooo!" Mashavu ya Kiboko yakaumuka. Macho yakamtoka. Akatikisa kichwa, akakanyaga chini, mmm, mmm, mmm... "MARAHABAAA!"

"Mtu."

"Tikiti!" akapiga kelele Fisi. "Leteni tikiti, mzibeni mdomo!" Wakaleta tikiti kubwa, wakalisokomeza ndani ya lile domo, gudu! Kiboko akasogea kwa Nungu. "Shikamoo, Maulana!" Kisha meno yakabana, paaa! tikiti likapasuka, kokwa zikaruka mpaka usoni kwa Balozi, na nyuma ya kokwa ikatoka, "Marahabaaa!"

"Mtu," alisema Balozi, anajifuta.

Tumbili akaamkia, mtu. Sungura akaamkia mara mbili, asije akasahauliwa, mtu. Mstari ukaenda, shikamoo, marahaba, mtu, shikamoo, marahaba, mtu. Watu wa kijijini wakaanza kucheka, kisha wakapiga makofi, kisha wakawa wanaitikia wao kabla ya Sultani. Fisi akawa analia machozi. Mwisho akapata tikiti jingine, kubwa kuliko yote, akalitia mdomoni mwa Sultani, akalifunga kwa kamba yake, mizunguko saba, juu ya pua na chini ya kidevu. Akakaza. Kiboko sasa alikuwa bubu.

Na mbele yake amebaki Makame peke yake.

Mize aliona yote hayo. Hata mumewe akibadili nia sasa, Sultani hana mdomo wa kumwitikia. Watu wote wale wameponea kwa neno lake, na wa kwake ndiye anayekwenda. Akajipenya kati ya miguu ya watu. "Makame! Jaribu! Kwa ajili yangu, jaribu!"

Makame akamtazama mkewe kwa huruma. Kisha akamtazama Sultani, juu mpaka chini. Akapiga mwayo. Akanyamaza.

"Hii-hii-hii!" Fisi akapata uhai. "Huyu hasalimu! Bidhaa! Nahodha, chukua hii!"

Nahodha Mamba akanyoosha mkono mfupi. Lakini Kiboko hakusogea. Alisimama mbele ya Makame, anangoja. Akainamisha sikio. Hakuna. Akainamisha la pili. Hakuna. Kijiji kizima kinatazama, Balozi anatazama, na kijitu hiki kisichofika hata kwenye goti kimemkazia macho, hakisemi kitu. Tangu azaliwe Kiboko hajawahi kunyimwa shikamoo kwa makusudi. Akafura. Akaanza kutweta. Akatia nguvu shingoni, kamba ikakatika, ta! ta! ta! tikiti likaruka likaangukia mtoni, chubwi!

"WEWE! Mbona huniamkii?"

"Maulana, mwache!" Fisi alimrukia. "Hiyo ni bidhaa! Ndiyo pekee iliyobaki!"

"Waziri wako amejibu," alisema Makame. "Mimi ni gunia. Gunia halisalimu."

"Gunia?" Kiboko akanguruma. "Gunia lina macho hayo? Gunia linanidharau mbele ya wageni wangu?"

"Ni gunia tu, Maulana," Fisi akambembeleza. "Limekaa kimya kwa sababu ni gunia."

"Unataka watu waseme Sultani Kiboko amepigiwa mwayo na gunia?" Akamgeukia Balozi. "Siyo gunia! Huyu ni mtu! Mtu mzima, mwenye kiburi, asiye na adabu, anayejua anachofanya! Andika! Mtu! MTU!"

"Hajaamkia," alisema Balozi. Makaratasi yana shida zake.

"Mimi ndiye Sultani! Nikisema mtu, ni mtu! Andika kabisa!"

Balozi akaandika, kabisa. Nahodha Mamba akaona hapa hakuna biashara tena, akapakia matikiti yake yote, hata yale madogo, akasukuma mashua, akaenda zake. Mize akapiga kigelegele, lililili! Akamrukia mumewe, akamfinya shavu, akambusu palepale alipomfinya. Alicheka na kulia pamoja.

"Jiwe lenye manyoya wewe!"

"Nilikwambia simwamkii," alisema Makame. "Twende nyumbani. Jua linashuka."

Basi. Balozi Korongo alirudi kwao, akavishwa nishani kubwa, na vitabu vya huko vinasema aliikomesha biashara kwa hotuba. Fisi wiki ileile akapewa cheo kipya, Mlinzi Mkuu wa Waliookolewa, na mshahara ukapanda. Msiniulize, mimi sikuwepo kwenye mkutano.

Na Kiboko? Kesho yake aliketi barazani, kajipangusa, kajitengeneza, anangoja shikamoo. Asubuhi ikapita. Hakupita mtu. Wale walioitikiwa walikuwa wamefyeka njia nyingine ya kwenda mtoni, huko nyuma, mbali na baraza. Waliona wamekwisha kumwamkia ya kutosha. Siku ya pili hakupita mtu. Siku ya saba Sultani akashuka mwenyewe mpaka mtoni, akaingia majini, akajificha pale watu wanapochotea, akaacha nje masikio na pua tu, apate kusikia. Hajatoka mpaka leo. Piteni huko mchana mtamsikia, mmh, mmh, mmh, anaitikia salamu ambayo hakuna aliyempa.

Funzo? Funzo liko wazi. Watoto, msiwaamkie wakubwa, na wakubwa msiitikie, mmeona wenyewe mtu alivyopoteza ufalme kwa adabu njema. La pili, mke mwenye akili asihangaike, amwache mume alale juani, atajiokoa mwenyewe kwa mwayo. Na la tatu, Fisi akibadilishiwa cheo, huwa amebadilika kabisa.

Mbona mnacheka? Hapa ndipo nilipoikuta, na hapa naiacha. Iliyemnogea aende nayo kwao. Isiyemnogea aseme kaisikia kwa jirani. Na anayetaka kupita anipishe kwanza niinuke, na asithubutu kwenda bila kuniambia shikamoo.